Siku Leseni Ishirini na Nne Zilipokosa Kazi

Kwa miaka kumi na tisa, mtu yeyote aliyetaka kusomea ufundi wa mitandao ya kompyuta katika chuo cha Pike Creek, mji wa migodi kaskazini mwa Minneapolis, ilimbidi apite kwanza mbele ya Marlys Zupancich. Hakuwa mwalimu, wala hakuwa mkuu wa kitu chochote. Alikuwa mtunza maabara: mwanamke mfupi wa miaka hamsini na saba, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo, sweta la sufu mwaka mzima, na ulimi usiojua kuzungukazunguka. Kilichompa mamlaka ni karatasi moja aliyoibandika mlangoni kila Jumatatu, orodha ya zamu, na hakuna aliyethubutu kuigusa kwa kalamu.

Orodha ilikuwepo kwa sababu ya leseni. Fundi wa mitandao hujifunza kwa kuharibu. Anapaswa kuivuruga seva hadi igome kuwaka, aachie kirusi ndani yake aone kinavyotambaa, afute asichopaswa kufuta, kisha ajitafutie mwenyewe njia ya kurudi. Sasa hakuna chuo kinachoweza kumpa kila mwanafunzi mashine tatu za kuharibu. Ndiyo maana kulikuwa na ile programu. Ukiiweka kwenye kompyuta moja, inatengeneza ndani yake kompyuta nyingine za kubuni, kompyuta pepe, mbili, tatu, hata nne, kila moja ikijiona ni mashine kamili. Unaiua moja saa nne asubuhi, na saa nne na dakika tano umeshairudisha ilivyokuwa jana. Lakini programu ilikuwa ya kulipia, na chuo kilikuwa na leseni ishirini na nne. Wanafunzi wa fani hiyo hawakuwahi kupungua hamsini.

Basi Marlys aligawa. Muda wa saa mbili kwa kila mtu, hakuna kuongeza. Wenye watoto wadogo aliwapa asubuhi, wakati shule ziko wazi. Waliofanya kazi kwenye hoteli za kule ziwani aliwapa mchana. Wavivu aliwapa Ijumaa alasiri, makusudi kabisa, aone nani ana nia. Namba za leseni zilikaa kwenye kabati la chuma, na ufunguo wa kabati ulining'inia kwenye mnyororo uleule wa miwani. Wanafunzi walimtania kwamba Rudy, mumewe, ameoa benki.

Mwenyewe alijua thamani ya kiti katika chumba kile. Baba yake, mzee Kestila, aliendesha magari makubwa ya mgodi wa chuma maisha yake yote, na Marlys alipomaliza shule aliingia mgodini humohumo, kwenye kibanda cha redio, akiwaelekeza madereva waende shimo lipi na wamwage wapi. Alikaa pale miaka kumi na mitatu. Mwaka 2001 mgodi ukafungwa. Siku moja watu elfu moja na mia nne walirudi nyumbani na makoti yao mikononi, yeye na Rudy wakiwa miongoni mwao, na watoto wawili mezani wakisubiri chakula. Marlys alikuwa na miaka thelathini na minne. Alijiandikisha chuoni hajui hata kompyuta inawashiwa wapi. Miaka miwili baadaye alimaliza wa tatu darasani, akahangaika na kazi za muda, na hatimaye maabara ikamchukua. Hakuondoka tena.

Habari ilimfikia mwezi wa Mei, kwa mdomo wa Raelynn Isham. Raelynn alikuwa Mwojibwe, wa kabila la wenyeji wa asili wa eneo lile, kutoka Nett Lake, mama wa mtoto mmoja, msichana wa miaka ishirini na sita aliyeendesha gari karibu saa nzima kuja darasani na saa nzima kurudi. Aliingia siku hiyo bila kubisha.

"Bi Marlys, umesikia? Ile programu imekuwa bure!"

"Nani kasema?"

"Mtandaoni, kila mahali wanaongea hiyo tu."

"Mtandaoni pia wapo wanaosema dunia ni bapa kama sahani. Leta nione."

Ilikuwa kweli. Kampuni iliyoitengeneza programu ilikuwa imenunuliwa na kampuni kubwa zaidi, na hao wenye mali wapya waliamua kwamba toleo la kompyuta za mezani halitauzwa tena kwa mtu wa nyumbani. Marlys hakushangilia. Alichapa masharti yote, kurasa kumi na nne za maandishi madogo kama punje za mtama, akavaa miwani, akachukua kalamu ya njano na kuanza kusoma mstari kwa mstari. Raelynn alisimama pembeni akihamia mguu huu mara mguu ule.

"Jamani Bi Marlys, si wameandika bure?"

"Wameandika 'matumizi binafsi'. Hilo ni neno lenye mlango na kufuli. Kaa chini, usinizibie taa."

Alipomaliza alivua miwani. "Sikiliza. Wewe, nyumbani kwako, kwenye laptop yako, kwa kujifunza kwako, unaiweka bila kulipa senti. Uende kifua mbele. Lakini mashine za humu ndani ni za chuo, na chuo si mtu binafsi. Humu orodha inabaki."

Mkuu wa idara hakuliona hivyo. Aliitwa Corwin Stroud, mwanamume wa miaka thelathini na minane aliyeletwa kutoka Minneapolis mwaka uliotangulia, mwenye tabasamu zuri na viatu visivyofaa kwa theluji. Alimwita Marlys ofisini wiki hiyohiyo.

"Nimeona habari nzuri," akasema. "Mwezi ujao tulikuwa tulipie leseni upya. Tusilipe. Weka hilo toleo la bure kwenye mashine zote, tumemaliza."

"Ukurasa wa tatu umeusoma, Bwana Corwin?"

"Nimesoma kichwa cha habari."

"Ukurasa wa tatu unasema taasisi bado inalipa. Nikiiweka leo, nimeiba. Wewe ndiye utakayesaini kwamba hatukuiba?"

Corwin akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Marlys, hakuna atakayekuja kukagua kachuo kama haka huku porini."

"Mimi nakagua," akasema Marlys. "Mimi niko hapa kila siku."

Leseni zikalipiwa. Corwin alinung'unika kwa wiki mbili, Marlys akabandika orodha yake kama kawaida, na majira ya joto yakapita watu wakivua samaki.

Mwezi wa Novemba, theluji ya kwanza ikiwa imeshakaa, tangazo la pili likatoka. Safari hii mlango ulifunguliwa wote: nyumbani, shuleni, biasharani, kila mtu bure. Msaada wa simu ndio waliouondoa, ukikwama, utajijua. Marlys alichapa tena, akasoma tena, kalamu ya njano haikupata mahali pa kuweka alama. Akaenda mlangoni, akabandua orodha, akaikunja na kuitupa kwenye pipa la karatasi. Mabega yake yalikuwa mepesi, kama mtu aliyetua ndoo. Akarudi kitini. Hapo ndipo jina la Duane Perala lilipomjia, na halikutaka kutoka.

Ilikuwa mwaka 2011. Duane alikuwa mwanafunzi wa fani hiyo, na pia dereva wa mgodi wa kule magharibi, ule ambao ulikuwa bado unachimba. Zamu yake ilibadilika kila wiki na mara nyingi alitoka kazini wakati maabara imeshafungwa. Alikuwa na kichwa chepesi. Wenzake walipokwama walimfuata yeye. Alimwomba Marlys namba moja ya leseni akafanyie mazoezi nyumbani, na Marlys akakataa. Mwezi mmoja baadaye Marlys akagundua Duane ameweka toleo la wizi kwenye kompyuta yake na alikuwa akiileta darasani. Alimwambia aifute, pale pale, mbele ya watu. Duane aliifuta. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Unailinda kampuni isiyojua hata jina lako," akavaa koti lake na hakurudi tena.

Marlys hakuwahi kujuta kwamba alikataa. Kilichomkera kilikuwa kitu kingine, na ilimchukua miaka kukipatia jina.

Kabla hajafanya lolote kuhusu Duane, Corwin alikuja maabarani mwenyewe, ameshika futi ya kupimia.

"Sasa programu ni bure," akasema, "kila mwanafunzi anaweza kufanya kazi kwenye laptop yake. Hatuhitaji tena chumba hiki. Wanafunzi wa uchomeleaji vyuma wanalia nafasi. Tunaweza kuwapa chote ifikapo Januari."

Hakuwa na nia mbaya, na Marlys aliliona hilo. Alikuwa mtu aliyezoea laptop nzuri. Marlys akageukia meza ya nyuma, alikokuwa amekaa Raelynn. "Raelynn, nipe mashine yako dakika chache."

Raelynn akaitoa kwenye begi, laptop ya miaka minane, kona moja imefungwa kwa utepe wa gundi. Marlys akaiweka mbele ya Corwin, akamvutia kiti.

"Kaa, Bwana Corwin. Zoezi la wiki hii lina seva moja na kompyuta pepe mbili zinazozungumza nayo. Ziwashe."

Corwin akawasha ya kwanza. Kiduara kikazunguka. Marlys akammiminia kahawa, akamkatia kipande cha potica aliyooka mama mkwe wake, ule mkate wa kukunjwa wenye lozi za kusagwa ndani. Corwin akala. Kiduara kikaendelea kuzunguka. Laptop ikaanza kuvuma kama mashine ya kukaushia nguo.

"Kawaida inachukua muda gani?" Corwin akauliza.

"Ya kwanza dakika kumi na moja," akasema Raelynn. "Ya pili sijui. Sijawahi kufika ya pili."

"Leseni ni bure," akasema Marlys. "Memori si bure. Kompyuta tatu pepe zinataka memori ya kompyuta tatu, na hii hapa ina ya kompyuta moja, tena moja yenye njaa. Nusu ya darasa wana mashine kama hii. Ukifunga chumba, utakuwa umewapa watu gari la bure kisha ukawafungia barabara."

Corwin alitazama kile kiduara kwa muda. Hatimaye akaanza kucheka, akijicheka mwenyewe, na kwa mara ya kwanza Marlys akampenda.

"Sawa," akasema. "Unataka nini?"

Marlys alikuwa na jibu siku nyingi. Kwenye stoo ya chini ya maktaba kulikuwa na laptop sitini na moja za idara ya biashara, zimestaafishwa, zikisubiri lori la kwenda kusagwa. Skrini zao zilikuwa zimekufa, betri zimevimba, lakini vipande vya memori ndani yake vilikuwa vizima. Alitaka Corwin asaini wavitoe. Wanafunzi walete laptop zao Jumamosi moja, wafunguliwe, wawekewe. "Wachomeleaji wape nusu ya chumba," akaongeza. "Viti kumi na viwili vinanitosha, maana wengi watafanyia nyumbani. Hivyo viti vingine kumi na viwili nilikuwa navilinda kwa sababu ya orodha, na orodha imekufa."

Corwin akamkazia macho. Hakutegemea kupewa nusu. Akasaini palepale, juu ya meza yenye makombo ya potica.

Siku tatu kabla ya Jumamosi hiyo, Marlys aliendesha gari hadi kwenye ukumbi wa barafu. Alikuwa ameuliza huku na huku. Mgodi wa Duane nao ulikuwa umepunguza watu, na sasa mchana alifunga matairi kwenye gereji ya shemeji yake, na baada ya shule aliendesha ile mashine kubwa ya kulainisha barafu kati ya michezo ya hoki ya watoto. Marlys akamkuta anaegesha, ndevu zimeingia mvi, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi.

Duane akamwona, akazima injini. "Mungu wangu. Polisi wa leseni."

"Habari yako, Duane."

"Ilikuwa nzuri mpaka dakika moja iliyopita. Umekuja kuikagua hii? Haina programu ya wizi, ina gesi tu."

"Ile programu imekuwa bure. Kwa kila mtu."

Duane akacheka hadi akaegemea ubavu wa mashine. "Miaka kumi na mitatu! Umetoka nyumbani na baridi yote hii kuja kuniambia kwamba kitu nilichokuomba mwaka 2011 kimefika?"

"Sikuja kwa ajili ya programu." Marlys akatia mikono kwenye mifuko ya koti. Alikuwa ameyapanga maneno garini, lakini sasa yalitoka vyovyote yalivyotaka. "Namba nilikukatalia, na ungeniomba tena kesho yake ningekukatalia tena. Haikuwa yangu. Lakini mlango ulikuwa wangu. Ningeweza kuufungua Jumamosi, nikakaa na kitabu changu, ukafanya mazoezi mpaka uchoke. Isingenigharimu kitu. Sikuufungua kwa sababu nilikuwa nimeshakazana kulinda kabati nikasahau chumba ni cha nini. Hilo ndilo lililonileta."

Duane akavua glavu moja, akakuna ndevu. Nyuma yao watoto waligonga vigongo vyao kwenye ukuta wa mbao wa uwanja wakidai barafu yao.

"Hujui kuomba radhi, unajua? Unaanza na kunigombeza."

"Ndivyo nilivyo."

"Ndivyo ulivyo," akakubali Duane. "Na mimi nilikuletea kitu cha wizi darasani nikijua fika kitakuletea matatizo. Nilikuwa na hasira. Basi."

"Jumamosi tunafungua laptop za watu. Njoo. Masomo ya Januari bado yanaandikisha."

"Nina miaka arobaini na minne, Marlys. Goti moja ni langu, la pili la daktari."

"Mimi nilianza na thelathini na minne."

"Hiyo ni kumi pungufu."

"Basi kimbia kidogo," akasema Marlys, akaelekea mlangoni. Nyuma yake alisikia injini ikiwaka, na Duane akimpigia kelele mtoto fulani ashushe kigongo kabla hajamtoboa mtu jicho. Hakujua kama atakuja. Alilala usingizi mzuri vilevile. Lake alikuwa ameshalisema.

Jumamosi ilijaa. Rudy alileta sufuria la umeme lililojaa poketa, nyama ya nguruwe yenye shamari na kitunguu saumu, na mikate ya kuitia ndani, na harufu ikaenda hadi kwenye maegesho. Laptop thelathini na nane zililetwa. Marlys alifungua za kwanza tano huku watu wakitazama, kisha akampa Raelynn bisibisi.

"Mimi?"

"Si umeshaona mara tano? Unataka mwaliko wa dhahabu?"

Raelynn akashika bisibisi. Ya kwanza aliifungua akiwa ameshika pumzi. Kufikia ya nne alikuwa akiongea na mwenye mashine bila hata kuangalia vidole vyake. Corwin alikuja pia, na safari hii viatu vyake vilikuwa vya mpira hadi kwenye magoti. Hakujua kufungua kitu chochote, kwa hiyo akapewa bati la kuokea keki ndogondogo, kila shimo na laptop yake, na kazi yake ikawa kuhakikisha skrubu za huyu haziingii kwa yule. Aliifanya kwa makini kama anayehesabu kura.

Mashine ishirini na saba zilifunguka na kukubali memori mpya. Raelynn aliwasha yake mwenyewe mwishoni, akaamsha kompyuta pepe ya kwanza, ya pili, kisha ile seva, na zote tatu zikakaa kwenye kioo zikitazamana. Hakupiga kelele. Alimwita tu mwanawe aliyekuwa anakula mkate, akamwonyesha, na mtoto akauliza kama kuna mchezo ndani yake.

Kumi na moja hazikusaidika. Kwenye mashine hizo kiwanda kilikuwa kimeshaibandika memori moja kwa moja kwenye bodi, hakuna pa kuchomoa wala pa kuchomeka. Ya mwisho kati ya hizo kumi na moja ililetwa na Duane Perala, aliyekuja saa nane mchana akidai amefuata nyama tu. Ilikuwa laptop ya binti yake, nyembamba kama kitabu cha nyimbo. Raelynn alifungua mgongo wake, akatazama, akatikisa kichwa.

"Hii imegandishwa, kaka. Haiwezekani."

Duane akaifunga taratibu. "Naona bahati yangu ni ileile."

Watu wengine kumi walikuwa wamekaa ukutani na laptop zao mapajani, nyuso na mabega yao vimeshuka. Marlys aliwatazama wote. Lilikuwa jambo alilolitarajia. Alijua tangu mwanzo kwamba baadhi ya mashine zitakuwa za namna hiyo, ndiyo maana alibakiza viti kumi na viwili. Lakini saa za chumba hakuwa amezisema kwa mtu.

"Nyie wa ukutani," akasema. "Chumba hiki kitakuwa wazi kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Hakuna zamu. Hakuna orodha. Unakuja, unakaa, unaharibu, unatengeneza. Mimi nitakuwepo."

Corwin akainua kichwa kutoka kwenye bati lake. "Hilo hatujalijadili, Marlys."

"Tunalijadili sasa. Unapinga?"

Corwin akatazama watu kumi na mmoja, akatazama bati. "Hapana," akasema. "Nadhani sipingi."

"Duane, kiti cha saba kina skrini nzuri. Kaa."

"Sijajiandikisha hata."

"Kiti hakijui."

Duane akakaa. Akavua kofia, akagusa kibodi. Vidole vyake vilikuwa vizito kwa matairi na baridi, lakini baada ya dakika ishirini alikuwa amekunja uso vilevile kama mwaka 2011, na saa tisa ilipofika ilibidi Rudy amguse begani.

Januari alijiandikisha. Mambo hayakumnyookea; mtihani wa kwanza alipata sabini na moja, wa pili akaanguka, na wiki ile alitangaza kwamba anaacha. Jumamosi iliyofuata alikuwa kitini kabla Marlys hajavua koti. Mtihani huo alikuja kuufaulu mara ya pili, kwa alama ambazo hakumwambia mtu, lakini alinunua keki. Raelynn alimaliza mwezi wa Mei, na zahanati ya kwao Nett Lake ikamchukua awe fundi wao wa mtandao, kwa hiyo ile saa nzima ya barabara ikawa dakika sita. Alipokuja kuaga alimwachia Marlys mkebe wa mchele wa porini aliouvuna bibi yake ziwani, na "miigwech" moja tu, asante kwa lugha ya kwao, bila hotuba, na Marlys akamwambia aache kusimama mlangoni, baridi inaingia.

Kuna waliofikiri Marlys atapungua, kabati lake la chuma likiwa tupu. Wenzake wa ofisi ya kumbukumbu walimuuliza anajisikiaje, kwa ile sauti ya watu waliokwenda kuhani msiba. Aliwajibu kwamba kabati analiwekea kahawa sasa. Kitu kimoja tu hakukiacha: kila mwanzo wa mwezi alichapa upya masharti ya programu na kuyalinganisha na ya mwezi uliopita, mstari kwa mstari. Waliotoa bure wangeweza kubadili nia, na siku hiyo ikifika alitaka awe wa kwanza kujua, si wa mwisho kushangaa. Corwin aliacha kumtania juu ya hilo. Mwezi wa Aprili alimkuta amekaa na zile kurasa, akavuta kiti, akaomba asome ukurasa wa tatu.

Mwishoni mwa Mei barafu ilikuwa imeshatoka ziwani, na Marlys na Rudy walikuwa kwenye kibanda chao wakipigilia upya mbao za gati. Simu ikalia. Marlys akaitoa mfukoni na misumari miwili ikiwa bado mdomoni.

"Marlys, ni Duane. Seva imekataa kabisa kuzitambua zile kompyuta pepe nyingine. Nimejaribu kila kitu."

Akatema misumari kiganjani. "Umesoma ujumbe wa kosa?"

"Nimeuona."

"Sikuuliza kama umeuona. Umeusoma?"

Sauti ya Duane ikaanza kusoma polepole, neno kwa neno, ikafika katikati ya sentensi ikasimama. "Ah," akasema. "Haya. Haya, nimeelewa." Simu ikakatwa.

"Nani?" akauliza Rudy.

"Mtu wa kiti cha saba," akasema Marlys. "Nipe ubao ule mrefu, na safari hii ushike upande wako sawasawa."